Nani Anakula Moto wa Betri ya Tajiri?

Benchi ni langu. Nililigonga mwenyewe kwa mbao za kreti, nikaliweka mbele ya kibanda changu cha viatu ili mteja akae akisubiri kiatu chake. Mteja hajawahi kulikalia. Wanalikalia Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye suruali za watu zinamsubiri tangu mwezi jana, na Injinia, aliyefungua na kufunga geti la kampuni ya umeme miaka kumi na tisa, akastaafu na cheo alichojipa mwenyewe. Shangazi anauza kahawa pembeni, na ulimi wake ni wa moto kuliko jiko lake. Wa mwisho ni Tajiri. Tunamwita hivyo kwa sababu kati yetu ni yeye tu mwenye gari, japo gari lenyewe ni kuukuu na mlango mmoja ni wa rangi ya kuazima. Kila jioni hulileta hapa kutoka kwake, hatua mia mbili, nalo likakaa na sisi kama mwanachama. Asubuhi hiyo lilikuwa bado pale tangu jana, limegoma kuwaka. Na saa nne Tajiri alitakiwa hospitali kumchukua mkewe na mtoto wa siku tano, mtoto wao wa kwanza baada ya miaka tisa ya kungoja.

Akazungusha ufunguo. Gari likasema ka, ka, ka, likanyamaza.

Tajiri: Tena! Betri ya pili hii mwaka huu!

Injinia: Usishike ufunguo kwa hasira. Umeme unamjua mtu mwenye hasira.

Tajiri: Saa ngapi?

Mimi: Tatu na robo.

Shangazi: Chukua teksi, mwanangu. Mwenzio amepasuliwa, asikae anaukodolea macho mlango.

Tajiri: Shangazi, mke wangu ameitangazia wodi nzima kwamba mumewe anakuja na gari lake. Na mama mkwe yuko palepale kando ya kitanda. Unajua aliniitaje siku ya posa? Mwanamume wa kwenye benchi!

Sindano: Alaa! Katutukana wote.

Injinia: Na mwenye gari apande teksi? Si sawa na fundi cherehani kununua suruali dukani?

Sindano akakohoa, akavuta shati lifunike lebo ya suruali yake.

Boneti likafunguliwa. Vichwa vitatu vikaingia, na mimi nikaacha kiatu cha mtu kwenye kibao nikaongeza cha nne.

Sindano: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Akainama kweli, akajilaza kifudifudi kuchungulia chini ya gari.

Tajiri: Betri iko huku juu, bwana!

Sindano: Mimi natafuta chanzo.

Mimi: Mbona vichwa vya betri vimeota unga mweupe?

Injinia: Chumvi hiyo. Betri inatoka jasho. Na kitu hakitoki jasho bila kazi. Betri hii inafanya kazi usiku.

Tajiri: Kazi gani usiku?

Injinia: Hapo sasa!

Shangazi hakungoja mhadhara. Alikuja na maji ya moto ya kusuuzia vikombe, akamwagia ule unga ukayeyuka, kisha akakaza mkanda wa waya wa betri kwa koleo langu la misumari. Tajiri akazungusha ufunguo. Ka. Safari hii moja tu.

Injinia: Nilijua. Jana ilinyesha. Ardhi ikilowa, moto wa betri unashuka kwenye matairi, unazama chini. Leteni matofali manne tulinyanyue.

Shangazi: Na magari mengine yote ya mtaa huu, yanaelea?

Injinia: Yale yana bahati.

Sindano: Acheni mambo ya ardhi. Hapa kuna mwizi. Umeme ukikatika mtaa mzima, ni mashine ya nani inaendelea kunguruma?

Mimi: Ya kinyozi.

Sindano: Anapata wapi moto? Kikulacho ki nguoni mwako!

Methali yoyote yenye nguo ndani yake, Sindano anaiona ni mali ya ofisi yake.

Tajiri: Kinyozi ana betri yake, naiona kila siku nikienda kunyoa.

Sindano: Uliwahi kumuuliza anaichajia wapi?

Simu ikalia. Tajiri akaipokea kwa sauti ya asali.

Tajiri: Ndiyo, mama watoto. Niko njiani. Ndiyo, na gari. Nakaribia.

Shangazi: Njiani? Mguu umelikanyaga benchi.

Injinia: Simu hizo! Nao ule mnara wa simu pale juu ya ghorofa, mnadhani unakula nini? Unavuta moto wa kila betri iliyo karibu. Wanasayansi wanajua, wamefungwa midomo.

Sindano: Mnara haumjui Tajiri. Mimi nitasema ukweli, mkinichukia nichukieni. Gari limeona wivu.

Tajiri: Wivu?

Sindano: Miaka tisa ndilo lililokuwa mtoto wa nyumba yako. Uliliosha, ulilipaka mafuta, ulilinunulia viti vipya. Leo unalituma likamlete mwingine. Wewe ungewaka?

Mimi nami sikutaka kubaki nyuma. Nikamwambia Tajiri kwamba ile misumari ya chuma niliyompigia kwenye soli ndiyo inayokokota moto kila anapokanyaga klachi. Akavua viatu. Nasema kweli, mtu mzima alivua viatu, akajaribu ufunguo kwa soksi. Hakukutoka hata ka.

Sindano: Tulia, ndugu yangu. Haraka haraka haina baraka.

Tajiri alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na macho yamemjaa maji. Nilijua alivyosubiri siku hiyo, maana kwa miaka tisa tulikuwa tukibadilisha mazungumzo kila watoto wa shule wanapopita. Nikaona aibu kwa habari ya misumari.

Hapo pikipiki ya kukodi ikasimama. Akashuka mama mmoja mwembamba, mkoba kwapani, shali ya mtoto begani. Tajiri akatoka garini na soksi zake.

Tajiri: Shikamoo, mama.

Mama mkwe: Marahaba. Kitanda kimechukuliwa na mgonjwa mwingine. Binti yangu amekaa kwenye kiti cha mapokezi na mshono wake, mtoto mapajani. Nikasema nije nione hapo njiani ni wapi.

Injinia: Mama, hili ni tatizo la kitaalamu. Betri inaliwa moto, na tumebakiza watuhumiwa watano.

Mama mkwe: Mimi gari silijui, baba, nauliza nielimishwe tu. Mkwe wangu, kila jioni nikikupigia simu nasikia watu wanapigia kelele mpira. Huo mpira unatoka wapi?

Tajiri: Kwenye redio, mama.

Mama mkwe: Redio iko wapi?

Tajiri: Ndani ya gari.

Mama mkwe: Na gari linakuwa linaunguruma?

Tajiri: Hapana, mama. Tunalizima. Injini inatuzibia mtangazaji.

Mama mkwe: Sasa hiyo redio huwa inakula nini?

Injinia akautazama mnara. Sindano akafungua kinywa.

Sindano: Kikulacho ki...

Akakifunga. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo. Jana nusu fainali ilikwenda mpaka dakika za nyongeza, halafu penalti. Milango minne wazi, taa ya ndani inawaka, na sauti moja ilikuwa ikisema kila mara, ongeza, ongeza kidogo. Sauti hiyo ilikuwa yangu.

Mama mkwe: Hakuna anayejua?

Shangazi: Wanajua sana, dada. Wamekalia jibu.

Mama mkwe: Basi inukeni.

Tuliinuka. Tajiri akavaa viatu, akatia gia ya pili, akakanyaga klachi. Injinia nyuma kushoto, Sindano kulia, mimi katikati, Shangazi akaacha birika lake akatuwekea bega, tukalisukuma gari. Suruali ya dukani ikapasuka mbele ya watu na hakuna aliyecheka, pumzi hatukuwa nayo. Kwenye duka la unga Tajiri akaachia klachi. Gari likashtuka, likakohoa, likawaka.

Shangazi: Usilizime mpaka umerudi! Na urudi kwa njia ndefu, lijaze tumbo!

Mama mkwe: Halizimwi. Nitakaa ndani nililinde.

Akaingia mbele, akafunga mkanda. Kisha akainama kwenye dashibodi, akachomoa ule uso wa redio wenye vitufe, akautia kwenye mkoba na kuvuta zipu.

Injinia: Mama! Leo ni fainali!

Mama mkwe: Leo mjukuu wangu anakuja nyumbani.

Gari likaondoka, Tajiri akipunga mkono dirishani, anacheka na kulia kwa pamoja. Sisi tulibaki barabarani tunahema, tukilitazama benchi kwa mbali, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi kukaa.