Dzombo Aliyekufa Mara Kumi na Moja

Benchi la kahawa la Mama Kahaso pale Ukunda, mkabala na fundi wa redio, lina miguu mitatu ya mbao, wa nne ni matofali, nalo hubeba watu wasio na haraka. Asubuhi hiyo ya mwaka wa tisini na tisa, mwenye haraka alikuwa Kahaso peke yake. Kapu lake la samaki kutoka Bodo lilikuwa limeshafungwa kwenye keria ya baiskeli ya Dzombo, limefunikwa gunia bichi, na kule Kombani bintiye Shutu alikuwa ameshateleka mafuta, maana ilikuwa siku ya soko. Jua lilikuwa likipanda. Na Dzombo, mchukuzi ambaye kwa miaka kumi na miwili hajamwaga hata dagaa, alikuwa amekaa benchini, kashika kikombe kwa mikono miwili, anasema baiskeli hapandi.

— Hupandi kwa nini?

— Nimekufa, mama.

— Umekufa lini?

— Jana. Mara kumi na moja.

Kahaso akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndara.

— Basi wewe ni maiti wa kwanza kuniomba tangawizi zaidi.

Aliyeyaleta yote ni Lennox, kijana wa bara anayekaa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, ambaye naye alikuwa hapo anamalizia mahamri. Jana yake, Dzombo alipopeleka pweza jikoni kwao, Lennox alimkalisha mbele ya kompyuta akamfungulia mchezo wa intaneti: mtu mdogo mwenye kofia nyekundu, juu ya baiskeli, anaruka magogo, anapita mapipa, kisha shimo. Ukivuka yote umepona. Mchezo wenyewe hauchukui hata muda wa kuchemsha yai.

— Maze, ni game tu, Lennox alisema. Hata Gillian wa kufua amemaliza, na hajawahi kupanda baiskeli maishani.

— Hapo ndipo penye neno, akadakia Randu, anayeitwa Daktari kwa sababu aliwahi kufagia zahanati. Asiyejua kapona, ajuaye kafa. Ile mashine imempima Dzombo damu. Yeye anabonyeza, yenyewe inavuta.

— Inavuta damu kupitia plastiki? Kahaso aliuliza.

— Ya watu wembamba ndiyo huvutika upesi.

Ngala akatikisa kichwa. Huyu alilinda lango la shule ya chekechea mwaka mmoja, na tangu hapo haitiki mpaka aitwe Meja.

— Si damu. Ni ramani. Dzombo, hilo shimo lilikuwaje?

— Refu. Kandokando lina udongo mwekundu.

— Na mtaro wa mabomba uliochimbwa hapo mbele, njia ya Kombani, una udongo gani?

Dzombo akaweka kikombe chini.

— Mwekundu.

— Basi! Njia yako imeshachorwa. Umeonyeshwa utakapolala.

— Meja, ramani ni kitu kidogo, Daktari alisema, akisogea ukingoni mwa benchi. Mchezo uko wapi? Kwenye intaneti. Intaneti iko wapi? Ujerumani. Kwa hivyo Dzombo yuko kule sasa hivi. Mtoto wa Kijerumani anabonyeza, Dzombo anaanguka. Anabonyeza tena, anaanguka tena.

Dzombo akashika goti.

— Linaniuma tangu alfajiri!

— Mtoto kaamka mapema, Meja alisema kwa huzuni. Dawa ni kupanda kinyumenyume. Shimo likimwona mgongo, litadhani anarudi.

Nzi akatua juu ya gunia. Kahaso akamfukuza kwa kitambaa. Wakaja wawili.

— Shutu ana mafuta motoni, nyinyi mwapandisha mtu kinyumenyume! Dzombo, usipoondoka sasa namwita mwenye pikapu. Leo, na kesho, na siku zote.

Dzombo hana shamba, hana mbuzi. Ana baiskeli ile na sifa ya kutomwaga. Akaitazama keria yake kama mtu anayeagana nayo, lakini hakuinuka.

Mwishoni mwa benchi, upande wa matofali, alikuwa amekaa mwanamke mwenye sare ya hoteli. Nereah, alikuwa amejitambulisha alipofika. Ndiyo mara yake ya kwanza kunywa kahawa hapo.

— Samahanini wazee. Hapo kwa shimo, kidole kilikuwa wapi?

— Kwenye kile kitufe cha kwendea, Dzombo alijibu.

— Wakati wote?

— Wakati wote. Isipokuwa kwa yule mzee.

— Mzee gani? Lennox akashtuka.

— Si yuko mzee kando ya shimo, ana ndevu na bakora? Nitampitaje kimya? Nainua mkono, namwambia shikamoo.

Lennox alijishika kichwa.

— Unaachilia kitufe uamkie picha? Ukiachilia baiskeli inasimama, unaingia ndani!

— Na mara zote kumi na moja ulimwamkia? Kahaso aliuliza.

— Mama, kwani mara ya pili anakuwa kijana?

Nereah akanywa kidogo, akafikiri.

— Na aliitikia?

Meja akamgeukia Lennox. Lennox, aliyekaa na kompyuta ile miaka miwili, akakuna shingo.

— Sijui. Spika ni mbovu.

— Labda kwa Kijerumani, Daktari alijaribu, lakini hata yeye hakujiamini.

Dzombo aliinuka polepole. Hofu ilikuwa imemtoka usoni, imeingia hasira.

— Mtu mzima, na ndevu zake! Namwamkia mara kumi na moja, nafia miguuni pake, hata marahaba hana? Na mimi nikakosa usingizi kwa ajili ya mtu wa namna hiyo?

Akapanda.

Pale mtaroni, juu ya rundo la udongo mwekundu, alikuwa amekaa mzee Garama, mlinzi wa mabomba. Benchi zima likasimama. Dzombo alipomkaribia, mkono wake wa kushoto ukaacha usukani.

— Shika, wewe! Kahaso akapiga ukelele.

Baiskeli ikayumba. Kapu likainamia mtaro.

— Shikamoo, mzee!

— Marahaba, baba! Samaki gani leo?

— Changu!

Kahaso hakupumua mpaka gunia lilipopinda kona, likiwa bado juu ya keria. Kisha akakaa, mara ya kwanza tangu alfajiri, akamimina kahawa yote iliyobaki kwenye kikombe chake mwenyewe. Meja aliponyoosha chake, akaambiwa imekwisha.