Kamanda wa Wodi ya Wazazi na Binti Aliyemkimbia

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuzalisha, mkunga mkuu wa wodi yetu ya wazazi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kwenye barua anaitwa Muuguzi Mkuu. Kwetu sisi, hadi walinzi wa getini, ni Kamanda. Ukichelewa kazini ukamwona kwenye korido, ghafla unakumbuka una shughuli maabara.

Siku yake ya kwanza, anavyosimulia mwenyewe, alizirai, na mzazi aliyekuwa kitandani ndiye aliyeuliza kama muuguzi anaendelea vizuri. Baadaye akawa tegemeo letu. Mtoto amekaa vibaya, damu haikati, umeme umezimika: Kamanda yupo. Na kwenye mikutano hakuchoka kueleza kwa nini wanawake wanajifungulia nyumbani. Ni umbali, nauli, mama mkwe, woga wa kisu. Wote tuliitikia kwa vichwa.

Ndipo likatokea lililotuacha midomo wazi. Binti yake wa pekee anakaa mtaa wa nyuma ya hospitali. Kliniki alihudhuria zote, begi la mtoto lilikuwa tayari, kisha uchungu ulipoanza akajifungia chumbani na jirani yake ili amzalishe. Hospitali unaiona dirishani! Aliletwa kwa machela, damu zikimtoka, na Kamanda alikuwa zamu. Alifunua shuka akakuta ni mwanawe. Binti tulimwokoa. Mtoto hakuwahi kulia.

Tulidhani ni mambo ya mama mkwe. Wapi! Binti alipopata nguvu alisema mbele yetu sote kwamba alimwogopa mama yake. Utotoni, akitoka shule, alikuwa akimsubiri nje ya chumba cha kujifungulia, na alimsikia akiwauliza wanawake wenye uchungu mbona wakati wa kutafuta mtoto hawakupiga kelele. Alisikia na makofi ya mapajani. Akaapa kwamba kitanda kile hatakilalia. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maneno yale yalikuwa mazoea ya wodi nzima, na hakuna mkutano hata mmoja uliowahi kuyataja.

Msiba ulipokwisha Kamanda alirudi, akatukusanya, akasema wazi kwamba mwanawe alimkimbia yeye. Kuanzia hapo kila kitanda kikapata pazia, mzazi akaruhusiwa kuingia na mtu wake, na anayemfokea mzazi akawa anatolewa nje, hata awe daktari. Daktari mmoja alidhani ni utani. Alitolewa na glavu zake mkononi! Wanawake wakaanza kuja, wengine wakisindikizwa na mama wakwe haohao tuliokuwa tukiwasingizia.

Jumatatu iliyopita binti alikuja tena, safari hii na uchungu wa mimba nyingine, mchana kweupe, kwa miguu yake. Kamanda alimuuliza taratibu kama aingie naye au abaki nje. Binti akamwambia abaki nje. Na yeye, aliyezalisha nusu ya mji huu, akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, akasimama pale mpaka mtoto alipolia. Hapo ndipo binti aliposema mama yake aitwe.

Kamanda, asante kwa yote. Nenda ukampakate mjukuu wako, na Mungu akupe afya na miaka mingi ya kumwona akikua.