Wenceslao "Islaw" Gallenero, Fundi Bomba, na Miaka Yake Saba na Nusu ya Ziada

Padre, majirani wa Murcia, wastaafu wenzake wa kiwandani, na nyote mliovuka bahari kutoka Cebu kuja kumsindikiza: mimi ni Rosenda, binti wa pili wa marehemu. Mama ameniomba nisome mimi kwa sababu, anasema, ndimi niliyebishana naye sana, kwa hiyo ndimi ninayemjua.

Marehemu Wenceslao Gallenero alizaliwa tarehe 28 Septemba 1951 katika shamba kubwa la miwa la Hasyenda Santa Rufina, nje kidogo ya mji wa Murcia, kisiwa cha Negros. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa hayati Crispulo Gallenero na hayati Basilisa Tuvilla, wakata miwa. Alipewa jina la mtakatifu wa siku hiyo. Kwa watu wa hapa jina lilikuwa refu mno, likakatwa likawa Islaw, na vijana wakamwita Nong Islaw, yaani kaka Islaw, hata alipokuwa na mvi kichwa kizima.

Alisoma shule ya msingi ya hasyenda hadi darasa la sita. Mwalimu wake, hayati Bi. Eufrosina Delgra, alimsimulia Mama kwamba Islaw alikuwa mtoto pekee aliyeuliza "inaingilia wapi, inatokea wapi" katika kila somo, hata la dini. Mwaka 1967 alijiunga na shule ya ufundi mjini Bacolod, akahitimu Machi 1969 katika kuchomelea vyuma na ufundi bomba.

Juni 1970 aliajiriwa kwenye kiwanda cha sukari, na hapo alikaa miaka arobaini na mmoja, hadi alipostaafu Oktoba 2011 akiwa msimamizi wa mafundi bomba wote. Juisi ya miwa, mvuke, molasi, maji machafu: vyote vilipita mikononi mwake. Wenzake wanasema alikuwa akiweka kiganja juu ya bomba na kuwaambia palipoziba kabla hawajalifungua. Alikosea pia. Mwaka 1988 alikosea vibaya, akaogeshwa molasi kuanzia nywele hadi viatu, na akatembea hivyo hivyo hadi nyumbani huku nyuki wakimfuata.

Mama yetu, Natividad Pabalinas, alikuwa mpimaji katika maabara ya kiwanda. Mwaka 1975 bomba la maabara lilianza kuvuja. Lilivuja mara nne katika mwezi mmoja, na mara zote aliyefika kulitengeneza alikuwa Islaw.

"Wewe ndiye unayelilegeza," Mama alimwambia mara ya nne.

"Una ushahidi?"

"Spana yako uliisahau jana chini ya meza yangu."

Walifunga ndoa tarehe 17 Januari 1976 katika kanisa hili. Walijaliwa watoto wanne.

Sasa nifike kwenye ugonjwa, ambao marehemu mwenyewe alipenda kuusimulia kuliko jambo lingine lolote.

Tarehe 30 Juni 2017 alishikwa na maumivu ya tumbo yaliyompiga hadi mgongoni, akaanguka uani. Jiwe la nyongo lilikuwa limeziba njia, na kongosho likawaka moto. Alilazwa wiki tatu, akarudi nyumbani, tukadhani yamekwisha. Lakini kuanzia Agosti tumbo lilianza kuvimba, huku mwili ukikauka. Uji wa mchele vijiko viwili tu ulimtapisha. Kutoka kilo sabini na moja alishuka hadi arobaini na nane. Picha zilionyesha mfuko wa maji na nyama zilizokufa nyuma ya tumbo lake, wenye upana wa sentimita kumi na saba. Ulikuwa umeligandamiza tumbo hadi chakula hakina pa kukaa.

Daktari mmoja alisema njia ni kupasua. Alituambia bila kuficha kwamba kwa mwili ule huenda asiamke. Mama akakataa kusaini. Shemeji yake akasikia habari za daktari mwanamke huko Cebu anayetibu mambo hayo bila kisu, tukampakia Baba kwenye basi na kivuko akiwa amelazwa juu ya mito.

Daktari huyo, Araceli Quijano, yupo nasi leo, safu ya tatu. Alikaa kitandani kwa Baba na karatasi, akachora tumbo mbele na mfuko nyuma yake.

"Nong, nitapitisha mrija mdomoni mwako. Mrija huo una kamera, na kwenye ncha yake kuna altrasaundi, kwa hiyo nitaona kilichopo nyuma ya ukuta. Nitatoboa kutoka tumboni hadi ndani ya mfuko, niache vibomba viwili vidogo. Uchafu utamwagikia tumboni, ushuke kwa njia ya kawaida."

Baba alikuwa hajaongea siku mbili. Akafumbua macho. "Matangi mawili yamepakana. Unayaunganisha."

"Hasa."

"Katikati hapavuji?"

"Kuta zimeshikana. Wiki tisa zimepita, ukuta wa mfuko umeshakomaa."

"Kipenyo?"

"Milimita tatu na kitu kila kimoja."

"Dokta. Maji yatapita, sawa. Mle ndani kukiwa na makapi, vitaziba."

Dokta Araceli alimtazama. "Wewe ndiye mgonjwa, au mkaguzi?"

"Mkaguzi aliyelala."

"Islaw, hebu nyamaza," Mama akasema. "Usimuudhi mwenye sindano."

Vibomba vya plastiki viliwekwa Jumatatu tarehe 4 Septemba. Siku nne alipata nafuu, akanywa mchuzi. Siku ya tano homa ikapanda hadi arobaini, akaanza kumwita marehemu mama yake. Jumapili asubuhi Dokta Araceli aliingia, akavuta kiti.

"Nong, vimeziba."

"Nilisema," Baba akajibu, sauti haifiki hata mlangoni.

"Ulisema. Picha ilionyesha maji mengi na makapi machache, nikaanza na vidogo. Picha ilinidanganya. Leo naweka kipana, cha waya wa chuma, milimita kumi na tano. Kinafunguka pande zote mbili kama tarumbeta, hakitoki. Hatari yake ni damu, sikufichi."

"Milimita kumi na tano," Baba akarudia. "Hilo sasa ni bomba." Kisha akamgeukia Mama: "Naty, nikitoka humo nataka mbaazi zenye nguruwe na fenesi bichi. Usiweke chumvi nyingi."

Mama alitoka nje ya chumba ndipo akalia.

Muuguzi alitusimulia baadaye kwamba chuma kilipofunguka, kioo kizima cha kamera kiligeuka rangi ya kahawa, na wote mle ndani wakapiga kelele ya furaha kama watu waliofunga goli. Ilitoka zaidi ya lita moja na nusu. Kesho yake asubuhi homa ilikuwa imekwisha. Mara mbili Dokta alirudi kupitia uwazi uleule, akavuta makapi yaliyobaki kipande kwa kipande. Tarehe 17 Oktoba bomba lilitolewa, kwani kazi yake ilikuwa imekamilika. Baba aliomba apewe. Alinyimwa, na kinyongo hicho hakikuisha.

Ndugu zangu, tulikuwa tumeshauliza habari za jeneza. Badala yake, Mei 2018, siku ya harusi yangu, mtu huyo alinishika mkono akanisindikiza kwenye madhabahu hii, akiwa na kilo sitini na sita, akilalamika kwamba natembea polepole.

Kongosho lilibaki dhaifu. Alijichoma sindano za kisukari kila siku bila kunung'unika. Na kila Dokta Araceli alipopata mgonjwa aliyekataa mrija kwa woga, alimpigia simu Baba. Baba alivuka kwenda Cebu mara kumi na moja. Nilimsindikiza siku ya Rodel Abing, dereva wa lori aliyegeukia ukutani na kusema aachwe afe na tumbo lake. Baba aliketi, akapandisha shati.

"Toto, tafuta kovu."

Rodel akageuka. Akatafuta. "Sioni."

"Mwenzio nilikuwa na mfuko mkubwa kuliko wako. Tafuta vizuri, usije ukasema mzee muongo."

"Hakuna, Nong."

"Basi fungua mdomo, mpe Dokta nafasi afanye kazi."

Rodel ameliendesha lori lake mwenyewe hadi hapa leo.

Jumanne tarehe 4 Machi 2025, baada ya chakula cha mchana, marehemu aliegemea kiti nyumbani kwake Murcia, na moyo wake ukasimama. Hakuteseka. Alikuwa na miaka sabini na mitatu.

Ameacha mjane, Natividad, watoto wanne, Eleuterio, Rosenda, Marcial na Visitacion, wakwe wanne, dada wawili, Purificacion na Leonila, na wajukuu tisa. Watano kati ya hao tisa walizaliwa baada ya Septemba 2017. Wote watano aliwabeba yeye mwenyewe kwenda kubatizwa. Wasimame tafadhali, watu wawaone.

Baba, Mungu akupumzishe kwa amani.