Madafu ya Karisa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Shikamooni wazee wangu. Mimi ni Kadzo wa hapa Tezo, mke wa Karisa, yule mkwezi wa minazi. Mume wangu asinikasirikie, maana leo nitamtaja.

Ndugu zangu, kwetu Ganze ugonjwa wa sukari ni wa ukoo. Bibi yangu alikufa kipofu. Mama naye akapofuka kabla sijaolewa, nikawa namshika mkono hata kwenda chooni. Watu walisema tumerogwa. Basi nilipopimwa nikaambiwa ninayo, nami bado kijana, mwembamba hivi, nilijua zamu yangu imefika.

Nikameza dawa nilizopewa, nikaacha sukari kwenye chai. Nikaacha mahamri, nikaacha hata mabuyu! Karisa, kwa kunihurumia, kila asubuhi akawa ananiangulia madafu. "Kunywa, mamake Dama. Haya ni maji ya Mungu, hayana sukari ya dukani." Nami nikanywa. Kiu ikazidi, akakwea tena. Kadiri nilivyokunywa ndivyo kiu ilivyonikaba, na yeye, maskini, ndivyo alivyozidi kukwea! Hakuna mwanamke Tezo aliyependwa kwa madafu kama mimi.

Halafu ukungu ukaniingia machoni. Siku moja nachambua mchele, nikashindwa kuzitambua chuya. Nikalia. Ee Mungu, usinizimie taa, Dama wangu bado mdogo!

Tukaenda hospitali. Daktari akauliza ninachokula, nikamweleza, akashangaa kwa nini sukari bado inapanda. Akauliza ninachokunywa. Karisa akajibu kwa fahari, "Madafu tu, daktari. Namwangulia mwenyewe."

Daktari akaweka kalamu chini. "Baba, dafu nalo lina sukari yake. Na akinywa mengi namna hiyo, kiu haitaisha."

Ndugu zangu, mume wangu alilia pale pale mbele ya wagonjwa. Nilimpenda upya siku ile.

Daktari akauliza pia habari za mama na bibi. Akasema sukari ya aina hii mzazi humrithisha mtoto, hakuna mchawi hapo. Haleluya! Mzigo ule ukanishuka. Akanibadilishia dawa, akanipangia chakula: sima kidogo, mchicha na kunde kwa wingi, samaki wa kuchemsha. Ukungu ukaondoka polepole. Sukari bado ninayo, sitadanganya madhabahuni. Dawa nameza, na Dama nampeleka kupimwa. Lakini Mungu ameniachia macho yangu!

Na Karisa je? Amenichongea kata ya kifuu. Kila asubuhi hunichotea maji ya mtungini, akaniletea kwa mikono miwili. "Kunywa, mamake Dama. Haya ndiyo maji ya Mungu."

Ndugu yangu, kama kwenu kuna sukari, mwamini Bwana, kisha amka ukapimwe, wewe na wanao. Usiogope. Mimi nimesimama hapa, na yule pale benchi ya nyuma anayejifuta uso kwa kofia, namwona. Namwona vizuri!