Bwana Tepu Aliomba Kusoma Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyeitwa Bwana Tepu, kwa sababu tepu ya kupimia haikumtoka shingoni. Dada yake aliniambia, huku akicheka na kulia, "Bibi, huyo hata msibani alikwenda nayo. Nikamuuliza, mdogo wangu, unataka kumpima marehemu?"

Bwana Tepu hakukata kitambaa kabla hajapima mwenyewe. Ukimletea vipimo kwenye karatasi, atakwambia, "Asante, mama. Sasa simama wima."

Kisha jengo alimopanga meza yake likaungua. Akashtakiwa kwamba yeye ndiye aliyelichoma. Maelezo ya mashahidi yalikuwa yameandikwa, yako kwenye jalada la polisi. Yeye hakupewa. Narudia, wasikilizaji wapendwa: waliomshtaki walijua mashahidi wamesema nini. Yeye hakujua.

Wakili hakuwa naye. Alisimama kizimbani peke yake akasema, "Mheshimiwa, nitamuuliza nini mtu ambaye sijui amesema nini? Naomba nisome kwanza."

Hakimu aliamuru apewe. Mwendesha mashtaka akasema jalada liko kwa mkubwa wake. Kesi ikaahirishwa. Safari nyingine, jalada liko njiani. Safari nyingine, mwenye ufunguo wa kabati yuko likizo. Kila mara Bwana Tepu alirudishwa mahabusu, na kila mara shati lilizidi kumpwaya.

Tepu walishamnyang'anya. Lakini askari magereza mmoja, Mungu amjalie, alimletea sindano na uzi, akasimama hapo hapo akimlinda, ili alipunguze lile shati asiaibike mbele ya hakimu. Bwana Tepu akajipima kwa shubiri. "Afande, na wewe suruali yako inafagia sakafu," akamwambia. "Vua tukuokoe." Wakacheka wote wawili. Cheko la Bwana Tepu likageuka kikohozi, na kikohozi hakikukoma.

Alifariki huko huko mahabusu, kwa kifua, ndani ya shati hilo. Maelezo alikuwa bado hajapewa.

Dada yake alikwenda mahakamani. Hakimu akaifunga kesi, maana mshtakiwa hayupo tena. Dada akasimama. "Basi nipeni mimi hayo maelezo. Nataka kujua mdogo wangu alisemwa nini."

Mwendesha mashtaka akamjibu kwa upole, "Pole, mama. Anayepewa ni mshtakiwa mwenyewe."

"Alipokuwa hai mlisema hayapo," dada akasema. "Leo amekufa, mnasema ni yake."

Karani wa mahakama aliinuka, akamsogezea kiti chake.

Dada, na familia yote, poleni sana. Sina maneno ya kuwatosha. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkisikia mtu ameshtakiwa, kabla hamjamhukumu vibarazani, ulizeni kama ameonyeshwa aliyosemwa.

Jumatatu dada atarudi kwenye dirisha la masijala kuomba tena. Miguu yake imevimba. Ukimkuta kwenye foleni, mpishe akae.