Boyi Amepewa Maneno

Juu ya madumu ya mawese, lori likitoka Walikale, Mama Kasoki aliwasikiliza wanaume wawili wasiojuana wakibishania filamu. Vita vilikuwa vimewaachia hiyo tu ya kubishania.

“Kisha miaka yote hii njo wanaleta sehemu ya pili,” alisema mmoja. “Sasa boyi mweusi, ule mutumishi, iko patron, njo mukubwa wa wote. Mu ile ya kwanza hakusema hata neno moja.”

“Kwetu Mpofi, ule boyi, alisema,” mwenzake akakataa. “Mutafsiri wa video pale ku banda la sinema alikuwa anamusemea, tunacheka mpaka machozi. Huyu wa sasa hachekeshi.”

“Lakini anajisemea, kaka.”

Lori likasimama kwenye kizuizi cha barabarani. Kasoki alijifunika kitenge usoni. Hapa ndipo wapiganaji walipomshusha mumewe, yule yule mtafsiri wa video, na siku ile katika lori zima hakuna aliyemsemea hata neno moja.