Bi Samahani na Orodha ya Nchi

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi mitatu ya kazi, Bi Samahani wetu anastaafu leo, Ijumaa tarehe thelathini Juni, saa kumi kamili alasiri. Saa nimeitaja kwa makusudi. Mwenyewe amenikumbusha kwamba mkataba wake unaisha saa kumi, si saa kumi na nusu, na wakubwa wapange hotuba zao wakilijua hilo.

Wageni kutoka idara nyingine huenda mnalijua jina lake bila kujua lilikotoka. Jukwaa letu la video lilipoanza, miaka kumi na miwili iliyopita, mtu akijaribu kutazama filamu tusiyo na haki ya kuionyesha nchini kwake, kioo kilimwandikia neno KOSA na tarakimu tatu. Bi Samahani alikuja juu. Alisema mtazamaji hana kosa lolote, waliokubaliana hivyo ni sisi na mwenye filamu. Akakaa chini akaandika mwenyewe: "Samahani, video hii haijapata ruhusa ya kuonyeshwa hapo ulipo." Maneno hayo yamesomwa na watu wasiohesabika, na jina likamganda. Kichekesho ni kwamba, mpaka wiki hii, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusikia neno samahani likitoka kinywani mwake. Ukimkanyaga mguu, unaomba radhi wewe. Akikukanyaga yeye, pia unaomba wewe.

Alianzia stoo ya kanda ya kituo cha televisheni kilichotuzaa, akiwa na miaka ishirini na tisa. Kila kanda ilikuwa na karatasi ya njano iliyosema ionyeshwe wapi na mpaka lini. Gundi ya karatasi hizo haikustahimili joto, zikawa zinadondoka ovyo, basi akazinakili zote kwenye daftari lenye jalada gumu. Intaneti ilipoingia, meneja mmoja alitangaza kikaoni kuwa sasa mipaka imekwisha, dunia ni moja. Bi Samahani alitoka, akarudi na daftari lake, akalibwaga mezani. Wiki iliyofuata alipewa dawati, kompyuta na kazi ambayo bado haikuwa na jina.

Kuna mji mdogo ukingoni mwa mto wa mpakani. Intaneti yao ilitoka ng'ambo ya mto, kwa hiyo mitambo yetu iliamini mji mzima uko nchi ya pili. Watu wamekaa kwao, vitambulisho mfukoni, wanaambiwa samahani! Wakubwa walisema ni watu wachache tu. Bi Samahani akapanda basi na simu mbili, akazunguka siku mbili nzima: sokoni, zahanati, shule ya msingi, saluni, akiomba kila mwenye intaneti amruhusu kunakili anwani ya mtandao wake. Wengine walidhani anatoka ofisi ya kodi, wakajifanya hawapo. Alirudi na anwani sitini na tatu na miguu imevimba, na Jumatatu mji ukarudi nchini. Kinyozi mmoja alitutumia picha: ametoa televisheni nje na watu wamejaa mpaka barabarani.

Msidhani hajawahi kuteleza. Mwaka wetu wa tatu tulinunua fainali ya soka, haki ya hapa nchini tu. Kazi ilikuwa kufunga dunia yote na kuacha kwetu wazi. Bi Samahani akageuza. Kwa dakika kumi na moja dunia nzima ilitazama mpira wetu, na sisi peke yetu tukasoma samahani. Mkurugenzi alikuwa sebuleni na wakwe zake. Kabla hajapata pumzi ya kupiga simu, Bi Samahani alishampigia: nimekosea mimi, nimesharekebisha, bao bado. Akakata. Mkurugenzi husimulia kwamba hata siku ile neno lenyewe hakulisikia.

Kutokana na siku hiyo tulipata utaratibu wa kuita nchi. Kabla video yoyote kubwa haijafunguliwa, watu wawili wanasimama wakitazamana. Mmoja anasoma jina la nchi, mwenzake ameshika karatasi za haki, anajibu "Wazi" au "Imefungwa," kama mwalimu na daftari la mahudhurio. Vijana wa kompyuta walivunjika mbavu, wakasema mashine inaimaliza kazi hiyo kwa sekunde moja. Akawajibu kuwa siku ya fainali mashine ilifanya barabara kabisa kile alichoiambia. Nimekuwa msomaji wake kwa miaka tisa, na kwa miaka tisa hatujakosea nchi hata moja.

Sasa nije kwenye jambo lililotuweka roho juu wiki nzima.

Dada yake mkubwa ni muuguzi katika nchi ya mbali. Ameondoka miaka ishirini na sita. Tamthilia yetu inayopendwa kuliko zote ilipigwa picha katika mtaa waliolelewa, na kwenye kipande cha nne unaonekana mlango wa buluu wa nyumba ya mama yao. Nyumba hiyo ilibomolewa barabara ilipopanuliwa, na mama ametangulia mbele ya haki. Lakini haki za tamthilia hiyo katika nchi ya dada ziliuzwa kwa kampuni moja ambayo imezifungia kabatini miaka minane, haionyeshi wala haiachii. Dada akibonyeza, anakutana na maneno ya mdogo wake. Siku moja alipiga simu ofisini nikapokea mimi, akaniagiza nimuulize mdogo wake kama hiyo samahani inakaangwa au inachemshwa.

Bi Samahani angeweza kumfungulia kwa kidole kimoja, dakika tano tu, na nani angejua? Hakufanya. Tulipomsaidia kupanga dawati lake mwezi huu tulikuta nakala za barua nane kwa kampuni ile, moja kwa kila mwaka, akiwaomba waachie kile kipande kimoja. Hawakujibu hata moja. Nilizisoma nimesimama, na nakiri nililia.

Ndipo mpiga picha wetu mkongwe akakumbuka kitu. Kabla ya kurekodi kipande cha nne alijaribu mwanga pale mtaani. Dakika mbili na nusu. Mlango wa buluu, halafu unafunguka, mama anatoka na ufagio, anamkazia macho, anamfukuza! Picha hizo hazikuingia kwenye tamthilia. Tukazitia kwenye video ya kumuaga na kujaza fomu ili sherehe nzima irushwe moja kwa moja nchi zote. Fomu kama hizo hupitishwa na Bi Samahani, naye akairudisha: sababu haijaandikwa. Nikaandika, "Dada yake anataka kuuona mlango." Ikarudi tena: mkataba umeangaliwa? Akaushika mwenyewe, kurasa arobaini, akausoma tangu asubuhi mpaka saa nane. Tulikuwa tunapitapita nje ya chumba kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Vilivyouzwa ni vipande vilivyokamilika, basi. Akatia saini. Tukampa azione hizo dakika mbili na nusu, akakataa. Alisema ataziona na dada yake kwa wakati mmoja.

Jana alasiri tuliita nchi kwa mara ya mwisho. Wenzetu wote walijibana ukutani. Nikasoma, akajibu. Wazi. Wazi. Wazi. Sauti yake ilikuwa kavu kama siku zote. Nikafika kwenye nchi ya dada yake, nikaitaja, naye akajibu, "Imefungwa."

Ulimi tu, miaka minane ya mazoea. Akaitazama karatasi, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akairudisha machoni. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia: "Samahani, dada. Wazi."

Hakuna aliyecheka. Nikamalizia nchi zilizobaki huku herufi zinacheza machoni.

Leo saa tisa, basi, tazameni kioo kikubwa kilicho mbele yenu. Dada amebadilishana zamu hospitalini na amekwisha kutuandikia mara mbili kuuliza kama ni saa tisa ya kwetu au ya kwake.

Bi Samahani, asante kwa daftari, kwa miguu iliyovimba, na kwa kutufundisha kusema ukweli kwa mtu tunayemnyima kitu. Uwe na afya, upumzike, na siku zako zote mbele ziwe za furaha. Nchi mia moja tisini na tatu, tumezisoma zote. Wazi.